Barua Zilizomezwa Kimya

Simu ya dukani ilipolia asubuhi ile, Ranjanben alikuwa amesimama juu ya stuli akivuta jora la kitenge kutoka rafu ya juu. Kupokea simu ilikuwa kazi ya mwanawe Pratik, lakini Pratik alikuwa ametoka mapema kwenda Magomeni, mvua ikashuka nyuma yake, maji yakajaa Jangwani, na sasa alikuwa amekwama ng'ambo pamoja na nusu ya watu wa mji. Basi mama akashuka taratibu, akaegemea kaunta, akanyanyua simu.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya binti. "Naitwa Josepha. Napiga kutoka kampuni ya barua pepe, hapa Posta. Naomba kuongea na Ranjanben."

"Marahaba. Ndiye mimi. Lakini kama ni habari za kompyuta, subiri mwanangu arudi."

"Hii hawezi kuijibu mwanao, mama. Inabidi ajibu mwenye anwani. Kuna mtu amezuiwa asikuandikie. Sasa ametuandikia sisi anauliza kama ni kweli wewe mwenyewe ndiye uliyemzuia. Nataka tu kuthibitisha."

"Mimi sijamzuia mtu. Ni nani huyo?"

Zikasikika herufi za kompyuta zikibonyezwa. "Anasema anaitwa Dipti. Anasema ni mwanao."

Mteja mmoja aliyekuwa akipapasa vitenge alimwona Ranjanben akivuta kiti na kukaa, simu bado iko sikioni, akadhani amepata habari ya msiba.

Dipti alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa ameolewa na Pantaleo, mfamasia kutoka Masasi, Mkristo wakati wao ni Wahindu, kijana mpole aliyepanga chumba karibu na duka la dawa alikofanyia kazi Dipti. Walifunga ndoa bomani bila mtu hata mmoja wa upande wa kina Dipti, kisha wakahamia Mtwara, Pantaleo alikopata kazi hospitalini. Ashok, mumewe Ranjanben, alitamka siku ile kwamba jina la Dipti lisitajwe tena nyumbani. Na halikutajwa. Ashok alikuwa ameliendesha duka lile tangu enzi za foleni na kitambaa cha kugawiwa, akaendelea nalo biashara ilipofunguliwa na Kariakoo ikajaa mali ya Dubai na China. Alizoea kushikilia neno lake. Akafa akiwa amelishikilia.

Baada ya msiba, Dipti alituma kadi ya pole. Chini ya kadi aliandika anwani ya barua pepe ya ofisini kwa mumewe. Ranjanben aliiweka kadi ile chini ya mto wiki nzima, kisha akaipeleka kwa Pratik. Duka lilikuwa ndiyo kwanza limenunua kompyuta. Pratik akamfungulia mama anwani kwa jina lake, akamwandikia Dipti, na Dipti akajibu. Kwa miezi michache barua zilikwenda na kurudi. Dipti aliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kompyuta ile haikuwa na herufi za Kigujarati, na Pratik alimsomea mama kule nyuma dukani, sauti yake ikiwa kavu kama anayesoma bei.

Kisha zikakoma. Ranjanben aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Pratik alifungua kompyuta kila alipoulizwa, akatazama, akasema, "Hakuna kitu, Ba." Ndivyo watoto wake walivyomwita, Ba. Alimtajia maneno ya kuandika, naye Pratik akayaandika mama akiangalia, akasema, "Imeenda." Hakuna kilichorudi. Alijaribu kupiga namba ya simu ambayo Dipti alikuwa ameiandika kwenye barua moja, laini ikawa imekufa. Mwisho wake akajiambia kwamba Dipti ameamua kumlipizia kwa yale ya baba yake, na pengine alikuwa na haki. Hakuuliza tena. Lakini kila alipopita mwanamke wa Mtwara dukani, akiisikia ile lafudhi ya kusini, alimkatia kitambaa na kumzidishia kidogo.

Sasa alimwambia Josepha kwenye simu, "Nakuja huko."

Alimwachia duka jirani yake, akachukua teksi chini ya manyunyu mpaka Posta. Ofisi ya kampuni ile ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Josepha alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amesuka nywele za mistari, amezungukwa na mashine zilizokuwa zikivuma kama friji nyingi zilizowekwa chumba kimoja. Alimpa mama kiti na maji ya kunywa kabla ya kusema lolote.

"Nieleze polepole," Ranjanben alisema. "Mimi haya mambo siyajui. Ni nani aliyemzuia?"

"Aliyekuja ni Bwana Pratik. Alisema anakuja kwa niaba yako. Alisema kuna mtu msumbufu, anakutumia maneno mabaya, na wewe ni mtu mzima, una presha. Mimi mwenyewe ndiye niliyemhudumia." Josepha alitazama mikono yake. "Sikuwa na sababu ya kutomwamini, mama. Watu wengi wanakuja na shida hiyo."

"Halafu?"

"Nikamzuia. Tangu hapo kila barua ya Dipti ilifika hapa, kwenye seva yetu, na ikaishia hapa."

"Yeye hakuambiwa?"

Josepha alisita. Ilionekana swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. "Zamani tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, barua ya mtu aliyezuiwa inakataliwa mlangoni. Seva yetu inaiambia seva ya mwenzetu, huyu hapokelewi, na yule aliyeandika anapata taarifa papo hapo kwamba barua yake haikufika. Ya pili, tunaipokea barua, tunasema asante, imefika, halafu tunaitupa. Aliyeandika hajui kitu. Anadhani imesomwa."

"Kwa nini mfanye hiyo ya pili?"

"Ilikuwa kwa ajili ya wale wa matangazo, wanaotuma takataka kwa maelfu. Tulidhani ni bora wasijue kwamba tumewagundua. Lakini ikatuletea balaa. Watu wema wakazuiwa kwa makosa, barua zao zikapotea, na hakuna aliyejua azitafute wapi. Mtu anakosa kazi, mwingine anakosana na ndugu. Ndiyo maana juzi tumebadilisha. Sasa hivi aliyezuiwa anakataliwa mlangoni, wote, na anaambiwa. Kama humtaki mtu, basi ajue. Akajitafutie njia nyingine."

"Kwa hiyo juzi Dipti aliandika..."

"Akarudishiwa. Na chini ya taarifa kuna anwani yetu. Ndipo akatuandikia."

Ranjanben aliomba kuiona. Josepha aligeuza kioo cha kompyuta upande wake. Mama alivaa miwani, akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. *Naomba mniambie kitu kimoja. Aliyenizuia ni mama yangu mwenyewe, au mtu mwingine? Muda wote huu nilidhani anasoma, ila hataki kujibu. Nilikuwa naridhika hata na hilo. Kama ni yeye, sitamwandikia tena, na samahani kwa usumbufu.*

Alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la sari, na Josepha akajifanya ana kazi kwenye mashine nyingine.

"Zile njia mbili," Ranjanben alisema mwishowe. "Ni nani alikuwa anachagua?"

"Mteja, mama. Tulikuwa tunamuuliza. Tumrudishie, au tunyamaze?"

"Ulimuuliza mwanangu?"

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Alisema tunyamaze."

Ranjanben aliitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa kipimo cha kitambaa. Aliuliza kama zile barua zipo mahali popote, hata chumba cha takataka. Josepha alisema hapana. Kilichotupwa kwa njia ile hakiachi hata kivuli. Alikuwa na machozi machoni, na Ranjanben aliona, lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kumbembeleza mtoto wa mtu mwingine.

"Mfungulie," alisema. "Halafu nionyeshe pa kuandika."

"Unitajie mimi nikuandikie?"

"Hapana. Nimekwisha kutajia watu vya kutosha."

Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano kwenye sakafu. *Dipti, ni mama. Sikujua. Sikupata hata moja. Piga simu dukani napokea mimi.* Josepha alimwonyesha pa kubonyeza. Kisha Ranjanben akabaki ameketi pale akikitazama kioo, mpaka binti akamwambia kwa upole kwamba Mtwara huwa wanaunganisha mtandao mara chache kwa siku, na jibu halitakuja sasa hivi.

Pratik alirudi dukani mchana umeshapinda, suruali imelowa hadi magotini, viatu mkononi. Mama alikuwa akimhudumia mwanamke wa Kingazija aliyekuwa akichagua vitenge vya harusi, na hakuharakisha. Alimkunjia, akamfungia, akamsindikiza hadi mlangoni. Ndipo akaingia kule nyuma, kwenye kompyuta, akamwita mwanawe.

Nyumbani wao waliongea Kigujarati. Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani, ya wateja na wapagazi na watu wa halmashauri. Siku ile Ranjanben alimwambia kwa Kiswahili.

"Umemzuia Dipti."

Pratik hakuuliza ameambiwa na nani. Aliweka viatu chini. "Ni muda sasa, Ba," alijibu kwa Kigujarati.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Baba alisema."

"Baba yako amekufa. Mimi niko hai, na ni mimi niliyekuomba uandike."

Pratik alieleza. Wakati ule watu wa kina Nirali, ambaye sasa ni mkewe, walikuwa wameanza kuja nyumbani kuzungumza habari ya uchumba. Walikuwa watu wa kushika dini, na walikwishauliza mara mbili yuko wapi binti wa kwanza. Yeye aliwaambia kwamba familia haina mawasiliano naye. Akaona bora maneno hayo yawe kweli. Alidhani ni mpaka harusi ipite. Harusi ikapita, na kufungua tena kukawa kugumu kuliko kufunga.

"Na zangu?" mama aliuliza. "Zile nilizokuwa nakutajia?"

"Niliandika. Ulikuwa unaona."

"Ulituma?"

Pratik alitazama mlango. "Hapana."

"Uliniambia imeenda."

"Ndiyo. Hilo nilikudanganya. Lakini ulipouliza kama kuna barua, sikukudanganya. Nilifungua, na hakukuwa na kitu."

Ranjanben alimtazama mtu huyu aliyemzaa, aliyekuwa na nyusi za Ashok na mkao wa Ashok, na akaona kwamba jambo hilo la mwisho kweli lilimpa faraja.

"Yule binti alikuuliza kama zirudishwe," alisema. "Kwa nini hukumwacha dada yako akajua kwamba amezuiwa? Angalau angejua."

"Angejua, angekuja." Sauti ya Pratik ilipanda kidogo, kisha akaishusha kwa sababu ya watu mbele. "Angepanda basi mpaka hapa, akasimama pale kwenye kaunta. Ungemwona. Ungelia, ungemfungulia mlango, yote yangeanza upya."

"Kwa hiyo ulijua ningemfungulia."

Pratik aliinama, akavipanga viatu vyake.

"Nakuuliza, Pratik. Ulijua?"

"Nilijua."

Nje, mpagazi alipita akipiga mluzi watu wampishe. Pratik alikaa juu ya mzigo wa khanga, akaanza kuongea huku akitazama miguu yake iliyojaa tope. Alisema yeye ndiye aliyebaki. Yeye ndiye aliyemgeuza Baba kitandani, aliyelala sakafuni hospitalini, aliyeacha chuo ili duka lisifungwe. Dipti alifanya alichotaka, akaenda zake, halafu anaandika mistari miwili juu ya mvua za Mtwara na uso wa mama unang'aa siku nzima. "Mimi niko hapa kila siku, Ba. Nikikusomea barua yake ulikuwa unanishika mkono. Wakati mwingine wowote hunishiki."

Hayo yalikuwa kweli, na Ranjanben aliyasikia. Siku nyingine yangemwumiza kwa namna ya kumfanya anyooshe mkono amshike. Leo aliyapokea, akayaweka kando, kwa kuwa hayakutosha.

"Funga duka," alisema. "Mimi natangulia nyumbani." Na hilo pia alilisema kwa Kiswahili.

Dipti alipiga kesho yake, kutoka ofisi ya simu ya Mtwara. Ranjanben alikuwa amekaa karibu na simu tangu walipofungua. Mwanzo hawakuweza kuongea, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akipumua, hadi Dipti akasema dakika zinakwenda.

"Ni kweli hukupata hata moja?"

"Hata moja."

"Hata ile ya hospitali?"

"Hospitali gani?"

Kisha Dipti akaeleza, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mwaka uliopita mimba yake ilileta matatizo. Miguu ilivimba, presha ikapanda, wakamleta Dar kwa ndege. Alilazwa hapo mjini karibu mwezi mzima, haruhusiwi kunyanyuka kitandani. Pantaleo alikuwa akienda kwenye nyumba ya intaneti kumwandikia mama kwa niaba yake. Niko wodi fulani, kitanda cha dirishani. Saa za kuona wagonjwa ni hizi. Njoo hata mara moja. "Kila saa ya kuona wagonjwa nilikuwa najipaka wanja," Dipti alisema. "Wenzangu wodini walidhani nasubiri mume."

Ranjanben alishikilia ukingo wa kaunta. Kutoka pale alipokaa hadi hospitali hapakuwa hata mwendo wa kuchosha. Alikuwa amepita nje ya geti lake mara nyingi mwaka ule, akienda kwa daktari wa macho.

"Kwa nini mumeo hakuja dukani?"

"Alikuja, Ba. Alimkuta Pratik mlangoni. Pratik akamwambia umeshasoma zote, na huna la kusema."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Dipti alikuwa ameandika kumwomba mama achague jina. Wakasubiri, wakaona kimya, wakampa jina la mama yake Pantaleo, Mboni. Dakika zikaisha, simu ikakatika katikati ya neno.

Pratik alikuwa upande wa pili wa duka akipima kitambaa. Mama alimsubiri amalize kukata.

"Pantaleo alikuja hapa?"

Mkasi ulibaki wazi. "Alikuja."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa nyuma. Ulikuwa unakunywa chai."

Hakumwuliza kitu kingine, siku hiyo wala baadaye. Alikuwa amemwandalia maneno mengi usiku uliotangulia, lakini baada ya neno chai aliona hakuna hata moja linalofaa. Waliendelea kuishi ghorofa moja kule Kisutu, kula meza moja, kufungua duka pamoja. Nirali, mke wa Pratik, alilia alipoambiwa, akamwamkia mama mkwe kwa kumgusa miguu kila asubuhi kama anayeomba msamaha wa mtu mwingine, na Ranjanben hakumlaumu. Lakini hakumpa tena Pratik karatasi amsomee, wala dawa amnunulie, wala ujumbe apeleke. Alikwenda Posta mwenyewe mara kwa mara, akapanda zile ngazi, akafungua barua zake kwenye kompyuta ya Josepha. Pratik alimwona akitoka na kurudi. Wakati fulani alisema, "Ba, naweza kukufungulia barua hapa hapa." Mama alimjibu kwamba anapenda kutembea.

Kiangazi kilipoingia na barabara ya kusini ikapitika, Dipti alikuja. Hakutaka kufikia Kisutu. Alifikia kwa Celina, shangazi yake Pantaleo, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Mchikichini na kukaa nyuma ya soko, na huko ndiko Ranjanben alikomfuata, akipita kati ya marundo ya suruali na makoti huku amekunja pindo la sari mkononi.

Dipti alikuwa amekonda na ana mvi mbili tatu kwenye paji. Walikumbatiana. Celina alitandika mkeka, akaleta chai, akaondoka akisema anakwenda kuangalia meza yake. Mboni mdogo alimtazama bibi yake kwa muda, akaona hamjui, akajificha nyuma ya mama yake.

"Atakuzoea," Dipti alisema.

"Na wewe?"

Dipti alizungusha kikombe. "Nakuamini, Ba. Nimeamini tangu ile siku ya simu. Lakini mwili wangu bado uko kule wodini unasubiri. Ikifika ile saa ya jioni bado kifua kinabana. Sijui nikifanyeje."

Ranjanben alisema naye hajui. Halafu aliomba kile kilichomleta. Alisema zile barua zimepotea kabisa, hata yule binti hawezi kuzirudisha. Hakuna pa kuzisikia isipokuwa mdomoni mwa mwandishi. Anataka azisikie.

"Nimesahau nyingi. Zilikuwa za kawaida tu."

"Basi hizo za kawaida."

Dipti alifikiri kidogo. "Moja ilikuwa ya achari," alisema. "Nilikuuliza ndimu zikishatiwa chumvi zikae juani siku ngapi. Zangu ziliota ukungu."

"Usihesabu siku," Ranjanben alisema. "Tazama ganda. Likilainika hadi kidole kinaingia, zimekuwa tayari. Na ukungu ni kwa sababu ya kijiko. Usichote kwa kijiko chenye maji hata tone."

Dipti aliitikia kwa kichwa polepole. Mtoto alikuwa amechungulia, mkono mmoja juu ya bega la mama yake.

"Nilimwaga mtungi mzima," Dipti alisema.